Samaki Gani Wakae Pamoja? Somo la Korogwe na Mto Pangani

Mtu akitaka kufuga samaki wa maji baridi katika tangi dogo la kioo, la lita 50 au 60, swali lake la kwanza huwa moja: watapigana? Muuzaji naye humjibu papo hapo kwamba huyu mkali, huyu mpole, na yule ana mdomo mpana atawameza wenzake. Ni swali la haki, na hekima yake tunayo tangu zamani. Ndiyo maana tukasema fahali wawili hawakai zizi moja. Lakini historia ya maji baridi ya Tanga, kuanzia vidimbwi vya Mkinga na Muheza hadi mabwawa ya Korogwe na Mto Pangani wenyewe, inaonyesha kuwa ugomvi ndiyo hatari ndogo. Ugomvi huonekana siku ya kwanza: pezi limechanika, mmoja amejibanza pembeni, mfugaji anamtoa. Hatari kubwa, ambayo katika nchi yetu imepuuzwa kwa zaidi ya miaka 70, hutoka kwa samaki wanaopatana kupita kiasi. Hawa ni jamaa wa karibu waliotengwa na milima, mabonde na bahari kwa vizazi visivyohesabika, kisha mkono wa binadamu ukawakutanisha ghafla. Hawauani. Huzaana wao kwa wao, hugombea chakula kilekile na mahali palepale pa kutagia, na baada ya miaka mmoja wao hufutika bila mtu kuona tone la damu. Anayechagua samaki wa kukaa pamoja na aulize undugu wao kabla hajauliza ukali wao. Hiyo ndiyo hoja ya makala haya, na sehemu kubwa ya ushahidi wake imo katika bonde la Pangani.

Tuanze na namna tangi la kioo lenyewe lilivyozaliwa, maana mwanzo wake ulikuwa na busara iliyopotea baadaye. Mwaka 1850 mkemia wa London, Robert Warington, alitoa taarifa ya jaribio lake: chombo cha maji, samaki wawili wadogo wa rangi ya dhahabu, na majani ya majini aina ya Vallisneria. Alitaka kujua kama mmea na mnyama wanaweza kulishana hewa bila maji kubadilishwa. Majani ya zamani yalipoanza kuoza na kuchafua maji, Warington aliongeza konokono. Konokono wakala uozo, mayai yao yakawa chakula cha samaki, na maji yakatakata. Miaka mitatu baadaye bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya samaki, na mwaka 1854 Philip Gosse akachapisha kitabu kilichowafanya Waingereza wengi watamani kuwa na maji hai sebuleni. Kinachotuhusu hapa ni uchaguzi wa Warington. Viumbe wake watatu walikuwa na kazi tatu mbalimbali, na hakuna aliyekuwa na undugu na mwenzake. Kila mmoja alihitaji kile ambacho mwingine alikiacha. Biashara ya samaki wa mapambo ilipokua, kipimo kikahama kutoka kazi kwenda rangi na bei. Maduka yakaanza kupanga kwenye rafu moja samaki wa mabara matatu, na swali la nani jamaa ya nani likabaki kwa wataalamu wachache.

Huku kwetu maji yenyewe yalikuwa yamelijibu swali hilo zamani, tena katika vyombo vidogo kuliko tangi lolote. Pwani ya Tanga hupata mvua za misimu miwili: masika kati ya Machi na Mei, na vuli kati ya Oktoba na Desemba. Mvua zikikolea, mabonde ya tope jeusi hujaa vidimbwi, na ndani ya wiki chache huonekana humo samaki ambao hakuna mto uliowaleta. Hao ni wa jenasi ya Nothobranchius. Dume wa Nothobranchius palmqvisti hazidi urefu wa kidole. Magamba yake ni ya buluu iliyochanganyika na kijani, kila gamba limezungushiwa wekundu hivi kwamba ubavu mzima hufanana na wavu, na mkia ni mwekundu mtupu. Humsukuma jike taratibu mpaka wafike chini, akamfunika mgongo kwa pezi lake la juu, wakatetemeka pamoja kwa sekunde chache, na yai moja likazama topeni. Hapo huachana, kisha huanza tena, yai moja moja, siku hadi siku. Kiangazi kikifika dimbwi hukauka na wazazi wote hufa. Mayai hubaki ndani ya tope lililopasuka, yakisubiri mvua nyingine. Katika maisha mafupi hivyo hakuna nafasi ya kukosea mwenzi, kwa sababu jike aliyetaga mayai yasiyofaa hatapata msimu mwingine wa kujisahihisha.

Wataalamu wa Ulaya walipoanza kuwakusanya samaki wa nchi hii, walichokuta ni ramani ya undugu iliyogawanyika kwa mabonde. Mwaka 1883 Mfaransa Sauvage aliandika habari za samaki mdogo wa jamii ya furu kutoka Kondoa ya Usagara, karibu na Kilosa ya leo, akampa jina la Kapteni Bloyet aliyesimamia kituo cha Wafaransa mahali hapo. Mpaka leo anaitwa Astatotilapia bloyeti. Mwaka 1893, mwaka uleule reli ya Usambara ilipoanza kujengwa kutoka Tanga, Georg Pfeffer wa makumbusho ya Hamburg alitangaza samaki waliokusanywa na Franz Stuhlmann mnamo 1888 na 1889. Miongoni mwao walikuwamo Nothobranchius guentheri wa Unguja na furu wa bonde la Pangani, Ctenochromis pectoralis, ambaye karne moja baadaye aliorodheshwa kuwa ametoweka duniani kabla ya kupatikana tena. Reli ilifika Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905; mwaka 1907 Msweden Einar Lönnberg akamtangaza palmqvisti wa Tanga. Mwaka 1924 Ernst Ahl naye alitoa jina la Nothobranchius vosseleri kwa heshima ya Julius Vosseler, mwanazoolojia aliyefanya kazi katika taasisi ya Amani, kwenye milima ya Usambara. Ukiwaweka hawa mezani pamoja, tofauti zao ni ndogo mno. Dume wa Unguja ana mkia mwekundu wenye ukingo mwembamba mweusi. Dume wa Tanga hana ukingo huo. Mkondo wa bahari kati yao ndio uliowatenga, na utengano huo ndio uliowapa kila mmoja sura yake.

Msomaji makini atauliza: je, hakuna dimbwi moja lenye aina mbili za samaki hawa? Yapo mengi, na hayo ndiyo yanayoifafanua hoja. Pwani hii yote, tangu kusini mashariki mwa Kenya hadi Rufiji, anaishi pia Nothobranchius melanospilus, ambaye ni mkubwa kidogo na mwenye umbo la kujaa. Jike wake ana madoa meusi mwilini, ilhali majike wa aina nyingi za jenasi hii ni wa rangi ya udongo mtupu na hawatambulikani kwa macho. Kwa kawaida aina zinazochangia dimbwi hutofautiana kwa ukubwa, kwa chakula, au kwa alama, na zimekuwa pamoja kwa muda mrefu kiasi cha kujuana. Kwa hiyo undugu peke yake haukatazi ujirani. Kinachokataza ni ujirani wa ghafla kati ya jamaa ambao hawakupata muda wa kujenga mipaka. Wafugaji wa samaki hawa, huko Ujerumani na Marekani, walilitambua jambo hilo mapema na kulifanya kuwa sharti la ufugaji. Mayai hutumwa kwa posta yakiwa ndani ya mboji yenye unyevu, na kila kifurushi hubeba jina la mahali samaki walipotoka pamoja na alama ya mwaka wa kukusanywa. Aina mbili zinazofanana haziwekwi pamoja, na hata samaki wa aina moja kutoka vidimbwi viwili hufugwa mbalimbali, kwa sababu majike wakishachanganywa hakuna atakayeweza kuwatenga tena.

Ufugaji wa samaki kwa ajili ya chakula ulichukua njia nyingine kabisa. Mwaka 1949 serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilianza majaribio ya kufuga perege katika sehemu mbili, Korogwe katika Tanga na Malya katika Mwanza. Nia yenyewe ilikuwa njema: nyama ilikuwa adimu kwa wengi, na perege alionekana kuwa jibu rahisi, kwa sababu hula mwani na mabaki, huvumilia maji machafu, na huzaa bila kubembelezwa. Lakini angalia mpangilio wa miaka. Wakati mabwawa ya Korogwe yanachimbwa, perege wa Korogwe mwenyewe alikuwa hajapata hata jina la kisayansi. Alilipata mwaka 1955, pale Rosemary Lowe, aliyekuwa akifanya kazi katika shirika la utafiti wa uvuvi la Afrika Mashariki lenye makao Jinja, alipochapisha uchunguzi wake wa perege wa Ziwa Jipe na Mto Pangani. Ndani ya maandishi hayo zilitangazwa kwa mara ya kwanza aina ambazo leo tunaziita Oreochromis jipe, pamoja na samaki aliyempa jina la mto, na mwingine aliyempa jina la mji, Oreochromis korogwe. Maana yake ni kwamba kazi ya kuchagua samaki wa kufugwa ilianza miaka 6 kabla ya kujulikana wenyeji ni akina nani. Hakuna anayeweza kulinda mipaka ambayo bado hajaichora, na kwa muda huo wote perege alihesabiwa kuwa perege, basi.

Tatizo la kwanza lililojitokeza mabwawani lilikuwa wingi. Jike wa perege wa jenasi hii hutaga katika shimo ambalo dume amelichimba kwa mdomo, kisha huyaokota mayai yote na kuyahifadhi kinywani. Vifaranga wakishaanguliwa huendelea kukimbilia humo humo hatari ikitokea, jambo linalowafanya wengi wao wapone. Katika ziwa, walaji huwapunguza. Katika bwawa la shambani hakuna wa kuwapunguza. Samaki huanza kuzaa wakiwa wadogo, chakula hugawanywa kwa vinywa vingi, na mwenye bwawa huishia kuvua mamia ya samaki waliodumaa. Ifikapo mwaka 1968 nchini yalikuwa yamechimbwa mabwawa yapatayo 8,000, mengi madogo na yenye matunzo hafifu, na sehemu kubwa ya jitihada hiyo haikuzaa matunda yaliyotarajiwa. Dawa mojawapo iliyokuja kutumika inaeleza mengi kuhusu mada yetu: kambale. Akiingizwa bwawani perege wakubwa wakiwa wameshapita kipimo cha mdomo wake, kambale hula vifaranga wanaozidi na kuwaachia waliobaki nafasi ya kukua. Yule ambaye muuzaji yeyote angemwita adui akawa mwenzi bora wa perege, kwa sababu tofauti ya mdomo, chakula na tabia inapimika na kusimamiwa. Ukali wenye kipimo unaweza kupangiwa mahali pake. Undugu usiojulikana hauwezi.

Dawa ya pili ilitoka kwenye undugu wenyewe, na ilipita Unguja. Mwishoni mwa miaka ya 1950 C. F. Hickling, katika kituo cha utafiti wa ufugaji wa samaki kule Malacca, alimpandisha jike wa perege aliyetoka Java kwa dume wa perege aliyeletwa kutoka Zanzibar. Vifaranga wote wakawa madume. Hilo lilikuwa jambo kubwa kwa mfugaji, kwani bwawa la madume watupu halijai vifaranga. Samaki wale wa Zanzibar walidhaniwa kuwa ni perege walewale wa Msumbiji. Mpaka mwaka 1966 ndipo Ethelwynn Trewavas wa makumbusho ya London alipowatenga kwa jina lao, hornorum, na asili yao ikahusishwa na Mto Wami, kusini kidogo ya Pangani. Kwa hiyo tangu wakati huo ilithibitika kwamba perege wawili waliokua mbalimbali kabisa huzaana bila pingamizi wakikutanishwa, na kwamba uzao wao hauendi kwa kanuni ya kawaida ya nusu madume nusu majike. Habari hii iliposomwa na wafugaji ilichukuliwa kama mbinu ya uzalishaji. Ilistahili pia kusomwa kama onyo kwa kila mtu aliyekuwa na ndoo ya vifaranga karibu na mto.

Na ndoo zilikuwa nyingi. Ngege, perege wa Ziwa Viktoria, alipandikizwa katika bonde la Pangani, akawa mmoja wa samaki wa bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa miaka ya 1960 pale Kikuletwa na Ruvu zinapokutana. Sato, ambaye naye ni mgeni katika Viktoria, alisambazwa nchi nzima kwa sababu hukua haraka, na perege mwingine wa magharibi, Oreochromis leucostictus, akasafiri pamoja nao, kwani vifaranga wa aina hizi hawatofautiani kwa urahisi ndani ya ndoo. Mwaka 2019 Asilatu Shechonge wa Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania na wenzake walichapisha matokeo ya kuchunguza mabonde ya mito yetu, wakaonyesha kuwa wageni hawa wameenea mno, na kwamba kuenea huko ni matokeo ya miongo ya watu kuwapandikiza kwa makusudi. Kusini, katika maziwa madogo ya Lindi, iligunduliwa jamii ya perege wa Korogwe inayoishi mbali sana na ndugu zao wa Pangani. Uchunguzi wa vinasaba uliotolewa mwaka 2021 ulieleza kuwa jamii hiyo, iliyojulikana juzi tu, tayari inatishiwa na uchotara na perege wa kigeni. Oreochromis jipe naye ameorodheshwa kimataifa miongoni mwa viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Hakuna hata mmoja kati ya wageni hawa aliyeingia kwa ukali. Wote waliingia kwa upole.

Hapa pana pingamizi zito linalostahili kujibiwa kwa uaminifu. Mwaka huohuo wa 2019 kikundi cha watafiti kilichochunguza vinasaba vya perege wa kaskazini mwa Tanzania, wakiwemo wenyeji walio hatarini na wageni waliokuja kuishi nao, kilikuta uchotara mdogo. Je, basi hofu ya undugu imekuzwa? Naona matokeo hayo yanaipunguza hoja upande mmoja na kuikaza upande mwingine. Yanaonyesha kwamba katika mto wenye kina na mikondo mbalimbali, pamoja na nafasi ya kukimbia, majike wengi bado humtambua dume wao, na kwamba bado hatujachelewa kuwalinda perege wa Pangani. Ila uchotara ni mlango mmoja tu wa madhara ya undugu. Jamaa wa karibu hula chakula kimoja na kuchimba viota katika maji mafupi yaleyale. Mgeni anayekua haraka na kuwa mkubwa huchukua mahali pa kutagia hata kama hamgusi jike wa mwenyeji. Na yaliyokutwa Lindi yanaonyesha kuwa maji yakiwa machache kinga hiyo hulegea. Tofauti ya Pangani na Lindi inatuambia jambo muhimu kwa mfugaji wa tangi: ukubwa wa maji ndio unaowapa jamaa nafasi ya kuepukana, na tangi la lita 60 halina nafasi hiyo.

Wapo watakaosema kuwa mto ni mto na kioo ni kioo. Kinachotokea Nyumba ya Mungu hakiwezi kutumika kupanga samaki wa sebuleni. Ushahidi mzuri zaidi dhidi ya maneno hayo unatoka Viktoria, na sehemu yake ilipatikana ndani ya matangi. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walionyesha kuwa furu wa ziwa hilo hujitenga kwa rangi: jike wa aina moja huchagua madume mekundu, jike wa jamaa yake huchagua ya buluu. Mahali maji yalipovurugika kwa uchafu, rangi hazikuonekana vizuri na mipaka kati ya aina ikafifia. Kwenye matangi, taa ilipobadilishwa ili wekundu na ubuluu visitofautishike, majike waliokuwa wachaguzi wakaacha kuchagua. Sasa lifikirie tangi la kawaida la nyumbani: taa ya rangi iliyowekwa kwa urembo, majike wawili, dume mmoja wa aina nyingine, na hakuna mahali pa kwenda. Masharti yaliyovunja mipaka ya furu yapo yote humo. Tangi dogo huyakusanya matatizo ya mto na kuyaharakisha, na mfugaji asiyejua anaweza ndani ya mwaka mmoja kuwa na vifaranga wasio na jina, akawagawia marafiki kama aina halisi.

Pingamizi la tatu litatoka kwa Mtanga yeyote anayeijua historia ya mkoa wake. Mkonge nao ulikuwa mgeni. Ulipandwa na Richard Hindorf mwaka 1893, ukiwa umetoka Marekani, na miche 62 tu iliyopona ikajenga uchumi wa Tanga kwa vizazi. Iweje basi sato alaumiwe, na watu wanahitaji kula? Jibu liko palepale kwenye undugu. Mkonge hukaa ulipopandwa, na kwenye vichaka vya Muheza na Korogwe haukukuta jamaa wa karibu wa kuzaana naye. Ukiacha kuupalilia, haukimbilii bonde la jirani na kubadilisha mbegu ya wenyeji. Perege ana mto, ana mafuriko ya masika, na ana jamaa kila bonde. Chakula cha watu ni haki, na bwawa la sato lililojengwa mbali na mkondo, lenye uzio na samaki wanaojulikana asili yao, ni jambo la heri. Makosa ya kale yalikuwa ya kuchagua kwa kasi ya ukuaji peke yake, bila kuuliza ni nani anaishi chini ya bwawa siku ukingo utakapobomoka. Hata katika vita dhidi ya malaria funzo hili lilikuwapo: mwaka 1941, wakati samaki wa Kimarekani aina ya Gambusia walikuwa wakisambazwa duniani ili wale viluwiluwi vya mbu, F. L. Vanderplank aliandika katika jarida la kitabibu la Afrika Mashariki kuhusu samaki wa kienyeji, Nothobranchius na Barbus, wanaofanya kazi hiyohiyo.

Kutokana na historia hii, kanuni za tangi dogo zinajipanga zenyewe kwa utaratibu mwingine. Kwanza undugu: kila jamii ya karibu itoe aina moja tu, na aina hiyo itoke mahali pamoja panapojulikana. Akiwemo Nothobranchius wa Tanga, wa Unguja asiwemo. Akiwemo furu mmoja, asiongezwe wa pili kwa sababu tu rangi zake zinapendeza. Pili kazi: sehemu ya juu ya maji, ya katikati na ya chini zipewe samaki wa tabia mbalimbali, na majani ya majini yahesabiwe kuwa wakazi kamili kama alivyofanya Warington. Konokono pia wana faida, ila wasiokotwe ovyo madimbwini, kwa kuwa baadhi yao hubeba kichocho. Tatu ukubwa wa utu uzima: kifaranga wa perege au kambale anayetosha kiganjani si wa lita 60, na anayemnunua anajiandalia siku ya kutaka kumtupa. Nne maji: samaki wa Ziwa Tanganyika, aliyezoea maji magumu yenye alkali, hawezi kufuata masharti ya mwenzake wa kidimbwi cha mvua. Ndipo, baada ya yote hayo, lije swali la ukali na la midomo. Na sharti moja linayashika yote: samaki wa tangi, vifaranga wake na hata maji ya kuoshea visimwagwe katika mto, mfereji wala bwawa.

Mfugaji wa tangi dogo anaweza kuona kuwa mambo haya ni makubwa kuliko kioo chake. Lakini waliobeba ndoo kutoka ziwa moja hadi lingine nao walidhani wanabeba samaki wachache tu. Bonde la Pangani bado lina perege wake, na vidimbwi vya Mkinga bado hujaa kila masika. Tunacho cha kulinda. Shule za Tanga zinazotaka kuwafundisha watoto uhai wa majini zinaweza kuanza na aina moja ya samaki wa nyumbani, huku jina la mahali alipotoka likiwa limeandikwa ubavuni mwa tangi. Mtoto atakayezoea kuuliza samaki huyu ni wa bonde gani na jamaa zake ni akina nani, atakapokuwa bwana samaki, mkulima au mtunga sheria atauliza swali hilohilo kabla ya kuidhinisha ndoo ya vifaranga. Mwaka 1949 pale Korogwe swali hilo halikuulizwa, na sasa hatuna tena sababu ya kutoliuliza.